Vigango vinarudi, lakini vinarudi wapi? Barua ya wazi kwa wanaosimamia turathi za Pwani

Kwa Waziri anayehusika na utamaduni na turathi, Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na Magavana wa Kilifi na Kwale.

Waheshimiwa,

Vigango vyetu, zile nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka marehemu, vinarudi kutoka Marekani, na kwa hilo tunashukuru. Mwaka 2019 vilifika Nairobi vigango 30 kutoka makumbusho ya Denver. Baadaye jimbo la Illinois likarudisha vingine 37. Wako watu waliotoka jasho miaka mingi kulifikisha jambo hili lilipofika, wakiwemo wataalamu wa Makavazi yenyewe, na kazi yao naiheshimu. Ninachowaandikia ni ile sehemu ya safari iliyobaki, ya kutoka Nairobi hadi Kaloleni, Ganze, Bamba na Rabai. Kwa basi ni usiku mmoja tu. Kwa vigango haijulikani itachukua miaka mingapi, kwa sababu hakuna aliyeamua vinakwenda kwa nani.

Mimi ni mchoraji, mzaliwa wa Kaloleni, na kwa muda mrefu nimekuwa nikifanya kazi vijijini pamoja na vijana wanaosomea anthropolojia. Naamini swali hili halitajibiwa na ofisi peke yake, wala na msomi peke yake, wala na msanii peke yake. Na mahali pa kulijibia ni kulekule kigango kilikotolewa, mbele ya wenye mudzi, yaani boma la ukoo.

Kwa wasomaji wasio wa Pwani, niseme kidogo. Kigango ni nguzo ya mti mgumu inayochongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima kwa Wagiriama na baadhi ya ndugu zao wa Mijikenda. Kichwa huwa cha duara au bapa, kiwiliwili kirefu, na mbele kunajaa pembetatu ndogondogo zilizokatwa kwa mpangilio. Hufungwa vitambaa, humwagiwa pombe ya mnazi, husemeshwa. Mara nyingi marehemu ndiye aliyekidai: amemjia mwanawe ndotoni, au nyumba imeingiwa na maradhi yasiyoeleweka, na mganga akasema mzee huyu hana pa kukaa. Kikishasimikwa hakiondolewi. Ukoo ukihama kutafuta shamba jipya, kigango hubaki palepale, na yale mahame yanabaki na mwenyewe.

Wezi walipitia hapo. Mtu mgeni akipita kwenye mahame huona vichaka, mbuyu mmoja, vigae na nguzo zilizoinama. Husema pametupwa. Mwenyeji akipita hapo anajua ni nani aliyeketi wapi, kisima kilikuwa upande gani, nani alizikwa chini ya mti upi, na shamba lile lilikuwa la mke wa kwanza au wa pili. Kigango ndicho kinachoshikilia maelezo hayo yote. Ukiking'oa umechukua mti uliochongwa, na pia umefuta ushahidi wa nani mwenye kauli juu ya ardhi hiyo. Ndiyo maana nawaomba msilione suala hili kuwa la vitu vya kale. Ni suala la mashamba, la mipaka, na la watu walio hai leo.

Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vijana wasio na kazi walilipwa fedha kidogo kwenda kuzing'oa nguzo hizi usiku. Madalali wakazifikisha kwenye maduka ya watalii ya Malindi na Mombasa, na kutoka hapo zikavuka bahari. Huko zikapigiwa taa nyeupe na kuitwa sanamu. Wanunuzi walizisifia umbo, wakazilinganisha na kazi za wachongaji wao wa karne ya 20, na bei ikapanda hadi maelfu ya dola. Baadhi ya vigango vilivyokuwa Denver vilitolewa zawadi na watu wa tasnia ya filamu ya Hollywood. Mwaka 2003 wanaanthropolojia Monica Udvardy na Linda Giles, pamoja na John Baya Mitsanze wa Makavazi ya Kitaifa, walichapisha hesabu yao: vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Vilivyomo sebuleni mwa watu binafsi havikuhesabiwa.

Kwa hiyo sanaa, fani yangu, ina deni hapa. Ni jicho la sanaa lililomtenga marehemu na mudzi wake na kumfanya pambo. Anthropolojia nayo ina lake. Miongoni mwa watu wa kwanza kuandika kwa urefu kuhusu maisha ya Wagiriama alikuwa Arthur Champion, na Champion huyo ndiye ofisa wa serikali ya kikoloni aliyetumwa kwetu kukusanya kodi na kutafuta vibarua. Mekatilili wa Menza aliwainua watu dhidi ya utawala huo mwaka 1913, watu wakala kiapo Kaya Fungo, kaya yaani msitu mtakatifu wa wazee wetu, na mwaka 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti. Mzee wa kijijini akimwona mgeni mwenye daftari akanyamaza, msidhani ni ujinga. Ana sababu, na sababu hiyo ina zaidi ya miaka mia moja.

Lakini fani hizi mbili zimetupa pia mifano miwili ambayo ningependa muifikirie kwa makini, kwa kuwa ndani yake nadhani kuna njia.

Wa kwanza ni picha. Mwaka 1985 Udvardy, akiwa katika utafiti wake huku kwetu, alimpiga picha mzee mmoja akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango vyote viwili viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi wa masuala ya Afrika huko Marekani, mwanaanthropolojia huyo aliona kwenye slaidi kigango alichokitambua. Cha kwanza kilikuwa Illinois, cha pili kikapatikana katika chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Yule mzee alikuwa amekwisha kufa, lakini mwaka 2007 familia yake ilifanya sherehe ya kumpokea mtu wao nyumbani. Kilicholeta ushindi huo si sheria mpya wala msukumo wa kibalozi peke yake. Ilikuwa picha ya kigango kikiwa mahali pake, na mwenyewe kando yake, na mtafiti aliyekumbuka nani alimkaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii tunaitamka kila siku, na hapa kwa mara moja ilitimia kwa mtafiti.

Wa pili ni kabati tupu. Kwa miaka kadhaa Makavazi ya Kitaifa, makumbusho mawili ya Ujerumani ya Cologne na Frankfurt, na vikundi viwili vya wasanii, The Nest wa Nairobi na SHIFT wa Ulaya, walikusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyoko nje. Wakafika zaidi ya vitu 32,000. Mwaka 2021 wakafanya maonyesho ambayo ndani yake kulikuwa na kabati za vioo zisizo na kitu, ili mtu asimame mbele ya pengo lenyewe. Miongoni mwa vitu vilivyozungumziwa katika mjadala huo ni ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa mto Tana, iliyochukuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo imekaa ghalani London. Nilipoisoma orodha ile na kuziona zile kabati nilielewa kitu ambacho takwimu peke yake haziwezi kunieleza. Watafiti walijua kuhesabu, wasanii walijua kuonyesha kilichokosekana, na kila upande ulimhitaji mwenzake.

Hata hivyo maonyesho yale yalifanyika Nairobi, Cologne na Frankfurt. Hayakufanyika Ganze. Hayakufanyika Ngao wala Bamba. Naomba safari hii tuanzie huko.

Tatizo kubwa la vigango vilivyorudi, kama mnavyojua kuliko mimi, ni kwamba vingi havina rekodi ya kijiji vilikotoka. Dalali hakuandika. Mnunuzi hakuuliza. Makumbusho yalipokea zawadi na kuandika jina la aliyetoa zawadi. Sasa vimefika, na kwa kuwa hakuna familia iliyotajwa, jibu rahisi ni kuviweka ghalani hadi litakapopatikana jibu bora. Ninaogopa kwamba ghala ndilo litakuwa jibu. Tumekwisha kuona jinsi mambo yanavyoweza kukwama: vigango 9 vilivyotumwa na chuo kikuu kimoja cha California vilikaa forodhani Nairobi kwa mzozo wa ushuru, marehemu wetu wakidaiwa kodi kama mzigo wa dukani.

Nawaombeni mjaribu jambo moja kabla ya ghala. Toeni picha za kila kigango kilichorudi, mbele, nyuma na ubavuni, pamoja na vipimo vyake. Wapeni wasanii wa Kilifi kazi ya kuvichora kwa ukubwa wake halisi, kwa mkaa, kwenye turubai. Picha ndogo ya kwenye simu haimsaidii mzee mwenye macho mazito, lakini mchoro wenye kimo cha mtu unamfikia. Kisha michoro hiyo ipelekwe barazani, kata kwa kata, ikiongozwa na wazee wa kaya na wa Gohu, na watafiti wakae kando wasikilize na waandike. Wachongaji hawakuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na mkono wake: jinsi alivyozipanga pembetatu, jinsi alivyoichonga shingo, alama alizoziweka kwenye paji. Huenda mjukuu wa mchongaji akautambua mkono wa babu yake. Huenda mjane akakumbuka. Huenda tusipate hata kimoja, lakini hata hapo watu watakuwa wameulizwa, na hilo halijawahi kufanyika kwa kiwango hiki.

Kabla ya mchoro wa kwanza kuchorwa wazee waulizwe kama inafaa kuchorwa, na kama kuna vinavyopaswa kufunikwa. Wakisema hapana, iwe hapana. Sisi wasanii ni wepisi wa kusema sanaa haina mipaka. Kwenye mudzi wa mtu sanaa ina mipaka, na mwenye mudzi ndiye anayeiweka.

Kazi hiyo hiyo ingezaa kitu cha pili ninachokiona kuwa kikubwa kuliko vigango vyenyewe, yaani ramani ya mahame. Nimetembea na wazee kwenye ardhi ambayo kwenye ramani ya serikali haina chochote ila namba. Wao huitembea kama wanasoma: hapa tulikimbilia njaa ilipoingia, hapa palikuwa na mnazi wa mahari, hapa hapalimwi. Mtafiti anajua kuuliza nasaba na mwaka. Mchoraji anajua kuweka kwenye karatasi mteremko, kivuli, njia ya ng'ombe, umbali ambao mzee anauonyesha kwa mkono badala ya kuutaja. Wakifanya kazi pamoja wanapata hati ambayo kila mmoja peke yake asingeipata, na ambayo mwenye shamba anaweza kuisimamisha mbele ya afisa wa ardhi.

Kwa nini haraka? Kwa sababu wanaojua wanakufa, na si wote wanaokufa kwa uzee. Wahusika wote wa barua hii wanajua kwamba Kilifi wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo kuna shamba ambalo mtu anataka ligawanywe au liuzwe. Kaya Godoma, huko Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa na watoto wao wa kuwazaa. Fikirini: yule anayeweza kusema kigango hiki ni cha nani na ardhi hii ni ya nani ndiye huyo anayetakiwa anyamazishwe. Sitaki kuuita mradi wa michoro kuwa dawa ya mauaji. Dawa yake ni polisi wanaochunguza, mahakama zinazohukumu na chifu asiyegeuza uso. Lakini kijana aliyeketi siku nzima akimwandika babu yake jina kwa jina, na akaona serikali imekuja kumsikiliza babu huyo barazani, ana sababu moja zaidi ya kumwona kuwa mtu wa thamani.

Naomba pia muutazame msitu na shamba kwa jicho hilohilo. Misitu ya kaya iliingia katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mila zake zikaorodheshwa mwaka 2009 kuwa zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Hata hivyo, katika kijiji cha Jaribuni, Kilifi, madini ya chuma yanachimbwa jirani na Kaya Kauma, na kwingine machimbo ya mawe yanasogea mwaka hadi mwaka. Kwa Gavana wa Kwale niongeze: uchimbaji wa mchanga wa titani kwenu ulifikia kikomo mwishoni mwa 2024, na sasa ndio wakati wa kuwauliza waliohamishwa ardhi yao ilikuwaje kabla ya mashine, kabla ya kuamua iwe nini baadaye. Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa kwa mashine ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, ikapambe bustani ya mtu. Wenye mashamba walilipwa, ndiyo, kama vijana wa miaka ya 1980 walivyolipwa kwa vigango. Mimi niliona jambo lilelile likirudi: kitu kilichoota mahali pake na kushikilia historia ya watu wake kinatazamwa kuwa kitu kizuri kinachoweza kubebwa.

Katiba yetu ya 2010 haikulisahau hili. Kifungu cha 63 kinatambua ardhi ya jamii, na ndani yake maeneo ya ibada na misitu ya jamii. Kifungu cha 11 kinauita utamaduni msingi wa taifa. Sheria ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni za jamii. Kaunti zina wajibu wao kuhusu makumbusho na shughuli za utamaduni. Hatukosi sheria. Tunachokosa ni fungu la fedha lenye jina, na mtu mmoja ambaye tukimpigia simu hatatuambia tumuulize mwingine.

Sasa niseme kuhusu wasanii na watafiti wanaokuja. Tangu dunia ianze kuzungumzia urejeshaji wa turathi, wageni wameongezeka. Wengine ni wema sana. Hukaa wiki mbili, wanapiga picha za kazi zao za sanaa kati ya minazi, wanawarekodi akina mama wakiimba, na kazi inaonyeshwa Berlin. Kijijini hakurudi hata nakala. Nimekutana na mama aliyeniuliza kama wimbo wake ulifika salama. Naomba kila kibali cha utafiti au cha kazi ya sanaa vijijini kiwe na masharti yanayoeleweka: muda wa kutosha, angalau kuanzia kupanda hadi kuvuna, malipo kwa wanaofundisha, kwa kuwa mzee anayesimulia siku nzima anafanya kazi, mshirika wa kijijini mwenye jina lake kwenye kazi, na nakala za picha, sauti na maandishi ziachwe mahali ambapo mtoto wa shule ya Vitengeni anaweza kuzifikia bila kuomba viza. Maandishi na picha za watafiti wa zamani pia ziombwe zirudi, hata kwa nakala. Zikirudi, Udvardy mwingine anaweza kutokea kati ya wanafunzi wetu wenyewe.

Na vile vigango ambavyo familia zao hazitapatikana? Hili ni gumu, na sina haki ya kulijibu. Wengine watapendekeza jumba jipya Kilifi lenye walinzi na vizimba vya chuma. Wengine watasema viachwe vioze, kwa sababu kigango hukusudiwa kuoza mahali pake, na kukihifadhi milele ni kumnyima marehemu mwendo wake. Wapo wanaoogopa kukaa karibu na koma, yaani roho za wahenga, wa ukoo wasioujua. Kila neno kati ya hayo linastahili kusikilizwa na Gohu, kwa lugha yao, bila mtu wa Nairobi kutazama saa. Wakiamua ghala, litakuwa ghala walilolichagua. Wakiamua viachwe mvuani, basi Makavazi yawe na ujasiri wa kukubali, hata kama wafadhili watashtuka.

Ombi langu la mwisho ni la utaratibu tu. Iteni kikao kimoja Kaloleni, si hotelini Mombasa, kabla ya mzigo mwingine kupokelewa. Wawepo wazee wa kaya na wa Gohu, wanawake waliolelewa kwenye midzi yenye vigango, wachongaji, wasanii, watafiti wa Makavazi na wa vyuo vya Pwani, afisa wa ardhi na wa forodha. Makavazi yaje na orodha kamili ya vigango vilivyopokelewa, picha zake na mahali vilipo sasa. Kaunti zije na kiasi cha fedha kilichotengwa katika bajeti. Sisi tutakuja na turubai na mkaa, na chakula cha mchana tutakipika wenyewe. Tunasubiri tarehe.

Kwa heshima,

Mchoraji, Kaloleni